Kuuza Pini Ambayo Haijaingia Tanurini

Swali nililompelekea mjomba wangu Mombasa lilikuwa fupi. Mtu akinilipa leo kwa ajili ya pini nitakayoitengeneza miezi kadhaa ijayo, pesa yake inapoingia mkononi mwangu inaitwaje? Ni bei? Ni mchango? Ni amana? Nilitegemea jibu la maneno matatu, maana milango ya biashara ameisomesha miaka na miaka, baada ya Magharibi, kwa vijana wa Kibokoni. Badala yake akaniletea ujumbe wa sauti mrefu ajabu, na katikati akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu," akasema, "katika kazi zote za mikono ulimwenguni, wewe umeiokota ile ambayo kitabu kinaikataa kwa sababu mbili kwa mpigo."

Sababu hizo nitazifikia. Kwanza kazi yenyewe, kwa sababu asiyeijua kazi hataielewa hukumu yake.

Naishi Birmingham, Uingereza, na meza yangu iko Hockley, kwenye mtaa wa masonara unaoitwa Jewellery Quarter. Beji za enameli zimetengenezwa mtaani hapa tangu karne ya 19: za shule, za vyama vya wafanyakazi, za klabu za mpira, za askari. Leo pini nyingi zinazouzwa mtandaoni hutoka viwanda vya Guangdong, China, na kusema kweli si enameli. Kipande cha madini hupigwa kwa kalibu, kikachovywa kipate mng'aro wa dhahabu au fedha, vijishimo vyake vikajazwa rangi kwa sindano, kisha kikaokwa kwa moto mdogo. Sina ugomvi nazo. Begi la shule la binti yangu limejaa hizo. Lakini enameli yenyewe ni kioo. Kioo husagwa kikawa unga, kikaoshwa mpaka maji yatoke safi, kikapangwa kwa ncha ya brashi juu ya shaba nyekundu, kikaachwa kikauke, kikatiwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi. Dakika mbili, tatu, kioo kimeyeyuka na kushikana na shaba. Nyuma ya pini nako hupakwa kioo, hata kama hakuna atakayekuona, kwa sababu shaba na kioo havijikunji sawa vinapopoa. Upande mmoja ukiachwa mtupu, wa pili utapasuka.

Pini yangu ni kikuba. Msomaji wa bara aniwie radhi nikieleza: kikuba ni kishada kidogo cha asumini, rihani, kilua na vipande vya mkadi, ambacho wanawake wa mwambao hukibandika kifuani au hukitia nyweleni, na harufu yake humtangulia mwenyewe mlangoni. (Mjomba, kabla ya kuuliza lolote lingine, aliuliza kama kuna ndege au mtu katika mchoro. Maua tu, nikamwambia, na hapo akatulia, kwa kuwa Ibn Abbas alimruhusu mchoraji achore miti na visivyo na roho.) Kijani cha rihani hakinisumbui. Weupe wa asumini hunisumbua kidogo. Kinachonitoa jasho ni petali moja ya waridi niliyoiweka katikati, nyekundu.

Nyekundu ikitoka tanurini haionekani nyekundu. Inatoka nyeusi, nyeusi ya kutisha, nawe umeishika kwa koleo unasubiri. Inapoa kidogo, inageuka kahawia. Halafu pembeni, pale shaba inapopoa kwanza, wekundu unaingia polepole na kutambaa kuelekea katikati. Ukiichelewesha tanurini kwa pumzi chache tu, wekundu hauji tena, unabaki na rangi ya ini. Pumzi hizo hazipimiki kwa saa peke yake. Zinategemea unga ulisagwa vipi, unyevu ulibaki kiasi gani, mlango wa tanuri ulifunguliwa mara ngapi asubuhi ile. Sijapata kutoa pini mbili zenye wekundu uleule, na ndiyo maana wako watu wanaonilipa mimi badala ya kulipa kiwanda.

Sasa pesa. Tovuti niliyoitumia ni Kickstarter, iliyofunguliwa New York mwaka 2009. Unatangaza unachotaka kutengeneza, unataja kiasi unachohitaji na siku ya mwisho, watu wanaahidi. Kiasi kikitimia, kadi zao zinakatwa, tovuti inachukua asilimia 5 na ada za malipo zinafuata. Kisipotimia, hakuna anayekatwa hata peni. Kutoka Mombasa nisingeweza kufungua kampeni, kwa sababu orodha ya nchi zinazoruhusiwa haina hata moja ya Afrika. Nimeweza kwa anwani ya Birmingham, jambo linalonikera kila nikilikumbuka, ila si la leo.

Mtu wa kwetu akisikia habari hii atasema: kwani huo si mchango tu? Tunachanga harusi, tunachanga matanga, tunachanga karo, na Kenya nzima imelelewa kwa harambee. Nami ndivyo nilivyoanza kuiona. Lakini anayechanga harusi hadai kitu. Akila pilau amekula, asipoila hamfikishi mtu kwa mzee wa mtaa. Aliyeahidi pauni 28 kwa kikuba anakitaka kikuba chake. Nikimpelekea shukrani nyingi bila pini atajiona ameibiwa, na atakuwa na haki.

Wenye tovuti walitangaza mwaka 2012 kwamba Kickstarter si duka. Naelewa walichokusudia: anayeahidi anasaidia kitu kizaliwe, hanunui kilichokwisha pangwa rafuni. Lakini kama si duka, na sadaka si sadaka, ni nini? Mwaka 2015 mtafiti Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alikusanya majibu ya wachangiaji wapatao 47,000, akakuta kwamba kati ya kazi zilizopata fedha zake, asilimia 9 hazikuwapa watu walichoahidiwa. Tisa katika mia si nyingi, na mfanyabiashara yeyote wa Marikiti angezipokea hesabu hizo kwa mikono miwili. Kwa aliyemo ndani ya tisa, hata hivyo, jina la pesa yake ndilo linaloamua kama amedhulumiwa au amepatwa na bahati mbaya tu. Ilikuwa bei, anadai. Ilikuwa zawadi, ananyamaza. Sikutaka kupokea pesa ya mtu kabla sijajua yeye atakuwa na haki gani juu yangu siku mambo yakiharibika.

Fikihi ilikwisha kulitazama pengo hili zamani. Kanuni ya msingi ni kwamba mtu asiuze asicho nacho. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja na miwili kabla hazijavunwa, na hakuwakataza. Aliwawekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Mkulima akapata mtaji, mnunuzi akapata bei ya afadhali. Mlango huo ndio uitwao salam, na ukiondoa kompyuta na kadi za benki, kampeni yangu haina jipya ambalo wale wakulima wasingelitambua.

Ila sisi watu wa mwambao tumelelewa katika madhehebu ya Imamu Shafii, na kwa Mashafii mlango wa salam una kizingiti kirefu. Matn ya Abu Shujaa, kijitabu ambacho wanafunzi wengi wa kwetu huanzia, kinataka kitu kinachouzwa hivyo kiweze kudhibitiwa kwa sifa. Kinataka pia kiwe cha jinsi moja isiyochanganyika na nyingine, na kisiwe kimeingiwa na moto wa kukigeuza. Sharti hili la moto wanavyuoni wamelijadili sana. Asali na samli zinapita, kwa kuwa moto wake ni wa kuchuja tu. Nyama ya kuchoma haipiti, kwa kuwa hakuna ajuaye moto utaifanya nini. Wa baadaye wakaruhusu vitu kama sukari, ambavyo moto wake una kiasi kinachojulikana.

Kioo juu ya shaba: mchanganyiko. Nyuzi 800: moto wa kugeuza. Hapo ndipo mjomba alipocheka.

Nilijaribu kujitetea kwa sukari. Tanuri langu ni la umeme, nikamwambia, lina kipimajoto, moto wake una kiasi kuliko wa mpika sukari yeyote. Akanijibu kwa swali: "Na ile nyekundu yako?" Nilikuwa nimemsimulia mwenyewe.

Siku ya pili akaongeza sababu ya tatu. Abu Shujaa anataka pia kitu kisifungwe kwenye chanzo kimoja maalumu, kama tende za shamba fulani na si pengine, kwa sababu shamba lile likiunguzwa na ukame muuzaji hana pa kukitoa. Nami nimeandika kwamba kila pini itatengenezwa kwa mkono wangu. Shamba ni mimi. Nikianguka kwenye barafu ya Januari nikavunjika kiganja, wachangiaji wangu hawana mti mwingine wa kuchuma.

Kisha akanifungulia Minhaj ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277, ambaye kitabu chake makadhi wa Zanzibar na Mombasa wamekirejea vizazi kwa vizazi. Kuna mahali anataja vyombo: vyungu, mabirika, mabeseni, vinara. Vilivyofanyizwa kwa mkono havifai kuuzwa kwa salam, na wafafanuzi wanaeleza kwamba ni kwa sababu havilingani, kinene hapa, chembamba pale. Vilivyomiminwa kwenye kalibu vinafaa.

Nilirudia kuisikiliza sehemu hiyo. Fakihi ameketi Damascus, zaidi ya miaka 700 iliyopita, na anapendelea Guangdong kuliko mimi.

Sikufurahi. Sisi wa kazi za mikono tumezoea kusifiwa. Magazeti yanatupiga picha tukiwa tumeinama chini ya taa, na watu husema kiwandani hakuna roho. Nilikuwa nimekwenda kwenye dini nikitarajia sifa zaidi, nikakuta mtu anayeutilia mkono wangu shaka. Lakini kadiri nilivyokaa na hoja yake ndivyo nilivyomwona kuwa na huruma, tena kwa mtu sahihi. Mnunuzi wa salam ametoa fedha taslimu na mkononi hana kitu ila maneno. Hawezi kukigusa, hawezi kukipeleka dirishani akakitazama kwenye mwanga. Pengo lolote katika maneno hayo laweza kutumiwa kumwibia. Na baya zaidi, ndani yake muuzaji mkweli na mnunuzi mkweli wanaweza kugombana mpaka wakafa hawasemezani, bila yeyote kuwa mwongo. Nawawi hakuwa akipima uzuri wa chungu. Alikuwa anauliza, wakija mbele ya kadhi, kadhi atatazama nini?

Kalibu inampa kadhi cha kutazama. Kikombe cha kalibu kikitoka kombo, hata mtoto anaona. Wekundu wangu ukitoka rangi ya damu ya mzee badala ya waridi, nitasema huo ndio uzuri wa kazi ya mkono. Litakuwa neno la kweli. Ndilo neno hilohilo ambalo fundi mbovu angelisema, kwa sauti hiyohiyo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza, la jina la pesa, likawa limezaa la pili lililo gumu zaidi. Mteja wa leo analipa zaidi hasa kwa kuwa pini yake haitafanana na ya mwenziwe. Kutofanana huko kwa Nawawi ni ila inayovunja mkataba. Kwa mteja wangu ni sehemu ya anachokinunua. Je, mtu anaweza kununua asichokijua? Sisemi kuvumilia kutokijua, kama tunavyovumilia tikiti maji ambalo halijapasuliwa. Nasema kulipia kutokijua kwenyewe. Na kama inawezekana, bahati nasibu ina kosa gani? Mle nako mtu analipa akijua hajui atakachopata, tena hiyo ndiyo raha yenyewe.

Ulimwengu wa pini unalijua jaribu hili vizuri sana. Wako wanaouza mfuko uliofungwa: unalipa, unapata pini yoyote, labda ile adimu ambayo watu wanaitafuta, labda ile iliyobaki kwa sababu hakuna aliyeitaka. Inauzika mno. Mwenzangu mmoja wa karakana ya pili alinishauri niweke mfuko wa namna hiyo, maana ungenimalizia hata zilizoungua. Nilikataa kabla sijajua kwa nini ninakataa, na ilinibidi nitafute sababu baadaye.

Naiona hivi. Katika mfuko uliofungwa, anayepata ile adimu ameipata kwa sababu wengine wameikosa; wakosaji ndio waliomlipia furaha yake. Petali iliyoiva zaidi kwa mteja wa Leeds haimnyang'anyi chochote mteja wa Toronto. Wote wawili wamepata kikuba. La pili, kwenye mfuko ni mimi ninayejua kilichomo na mteja hajui, na ujinga wake ndio faida yangu. Kwenye tanuri hatujui sote. Ninapoufungua ule mlango nimesimama mahali pamoja na yeye, nasubiri weusi ugeuke. Nadhani sheria inaposema juu ya gharar, ile biashara ya gizani, hofu yake kubwa iko kwenye giza ambalo mmoja ana taa na mwingine hana. Giza la wote wawili linahitaji kitu kingine, nalo ni mpaka. Aliyekubali wekundu uhame hajakubali kioo kipasuke, hajakubali sindano ing'oke, hajakubali pini ichelewe mpaka akasahau kwamba alilipa.

Hoja hiyo nilimpa mjomba. Akasema si mbaya kwa mtu wa nyundo na koleo, lakini si ya madhehebu yetu.

Birmingham imejaa madhehebu ya wenzetu. Waislamu wengi wa hapa asili yao ni Pakistan, Kashmir na Bangladesh, Wahanafi, na imamu wa msikiti wa jirani nilipomweleza hakucheka hata kidogo. Kwao kuna mlango mzima kwa ajili ya watu kama mimi, unaoitwa istisnaa: kumwagiza fundi atengeneze. Wahanafi wenyewe wanakiri kwamba ukifuata kanuni tupu ungepigwa marufuku, kwa kuwa ni kuuza kisichokuwapo. Lakini watu wameagiza viatu, vyombo na pete enzi hadi enzi bila mwanachuoni kuwakemea, na imepokewa kwamba Mtume mwenyewe aliagiza atengenezewe pete. Fundi wa madini hawezi kuisikia habari hiyo akabaki vilevile alivyokuwa. Katika istisnaa moto hauna neno, mchanganyiko hauna neno, hata malipo si lazima yatangulie.

Wanachohitilafiana wao ni nini kinatokea kitu kikishakamilika. Abu Hanifa alimpa mwagizaji hiari: akikiona, akikitaka anakichukua, asipokitaka anakiacha. Mwanafunzi wake Abu Yusuf akaona hapana, kikiwa sawa na sifa zilizotajwa lazima akichukue, kwa sababu fundi ameshakata ngozi yake kwa kipimo cha mguu wa mtu mmoja, na mtu wa pili huenda asikitake kabisa. Majalla, ile sheria ya dola ya Uthmaniya iliyoandikwa kati ya 1869 na 1876, ilisimama upande wa mkataba unaofunga, na Majmaa ya Fikihi iliyokutana Jeddah mwaka 1992 vilevile. Nilichokipenda ni kwamba ugomvi wenyewe una harufu ya ngozi na gundi. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 nazo zinamwachia anayenunua kwa mbali siku 14 za kubadili nia, isipokuwa kwa kitu kilichotengenezwa kwa maelezo yake mwenyewe: mwalimu na mwanafunzi ndani ya ukurasa mmoja.

Mimi nikamfuata mwalimu. Najua kauli iliyopewa nguvu baadaye ni ya mwanafunzi, lakini sababu yake haipo kwangu. Kikuba hakikukatwa kwa mguu wa mtu. Kikirudi kitapata kifua kingine. Nikaandika kwamba yeyote ambaye wekundu wake hautampendeza airudishe nami nitamrudishia fedha yake, bila kueleza kwa nini.

Yale mengine nikayabana kwa kadiri lugha inavyoweza kubana. Upana wa pini, shaba ya unene gani, kioo kisicho na risasi, pande zote mbili zimepakwa, sindano na kishikizo cha namna gani. Kwa wekundu nikapiga picha mbili chini ya dirisha lilelile: petali hafifu kuliko zote nitakazozipeleka, na petali nzito kuliko zote. Chochote kilicho kati ya hizo mbili ni chako, nikaandika. Kilicho nje yake ni hasara yangu. Kadhi akija, anacho cha kutazama. Tarehe ilinipa taabu kidogo, maana fomu ya tovuti inakubali mwezi na mwaka tu, na wanavyuoni wetu ni wakali juu ya muda hata wakajadili mtu akisema "mpaka Idi" bila kutaja ipi, Nawawi akachukua ile itakayotangulia. Nikaiandika siku yenyewe kwenye maelezo, chini ya picha.

Waliobaki ni wale waliotoa pauni moja au mbili na hawakutaka pini. Hao ni rahisi: hiba, nimeipokea, haina deni. Kilichonisumbua ni desturi ya kuwatangaza majina. Kampeni kubwa za uchangishaji zimelipenda jambo hili tangu Joseph Pulitzer, mwaka 1885, alipochangisha zaidi ya dola 100,000 kupitia gazeti lake la New York World kwa ajili ya kujengea msingi Sanamu ya Uhuru. Wachangiaji walizidi 120,000, wengi wao walitoa chini ya dola moja, na gazeti liliahidi kuchapisha kila jina. Kwa mfanyakazi wa bandarini kuona jina lake gazetini lilikuwa jambo kubwa, na mimi siwezi kumwita mwenye ria. Lakini kwetu nimeshuhudia harambee ambazo kipaza sauti kinafanya kazi kuliko mifuko ya watu. Nikawauliza mmoja mmoja. Karibu wote walitaka majina yao yawekwe, na mmoja akataka liwekwe la mama yake aliyefariki, kwa Kiarabu.

Kisha kampeni ikapata nguvu, nikaanza kupokea ushauri wa kuongeza idadi. Hapa kuna jambo ambalo wasiofanya kazi hii hawalioni. Mafanikio yakipita mkono, njia ni moja tu, na anwani yake ni kiwandani. Si lazima mtu awe tapeli. Anaanza na pini za mkono, oda zinamzidi, tarehe inamkaribia, watu wanaandika kwa hasira, naye anatuma mchoro Guangdong kwa usiku mmoja, na maneno ya ukurasani yanabaki yalivyokuwa. Wahanafi kwa asili yao wangenihurumia, kwa kuwa kwao kinachouzwa ni kitu, wala si jasho. Fundi akileta kilichotengenezwa na mwingine, kikalingana na sifa na mwagizaji akakiridhia, kimepita. Lakini mimi nilikuwa nimeshaliuza jasho. Liliandikwa mstari wa kwanza, na ndilo lililoleta zile pauni 28. Mjomba alikuwa ameliona hilo mapema, alipolitaja shamba moja maalumu, na kwa hili sikuwa na Mhanafi wa kukimbilia. Kwa hiyo nikaweka kikomo cha idadi, kikajaa, nikakiacha kimejaa.

Juzi mjomba amepiga simu, hakutuma sauti. Alitaka kikuba kimoja cha mkaza mjomba.

"Zote zina wenyewe, Mjomba," nikamwambia. "Ungesema mapema ningekuandika."

"Mimi sikuja kuandikwa. Hao Wahanafi wako waandike. Mimi nanunua kilichokwisha toka motoni, na nikiona kwa macho." Akanyamaza kidogo. "Ile hiari ya kurudisha, umewapa wote au baadhi?"

"Wote."

"Basi mmoja atarudisha, binadamu hawakosi. Atarudisha ile iliyoiva sana, ya damu ya mzee. Mkaza mjomba wako rangi hiyo ndiyo yake. Ikirudi nipigie picha, uniambie bei."